Glavu mpya haitaki kufumba

SWALI: Binti yangu ana miaka 12 na amejiunga na timu ya besiboli. Nimemnunulia glavu ya ngozi, lakini ni ngumu kama ubao. Mpira ukiingia, glavu haifumbi, unaruka nje. Kaka yake anashauri tuimiminie mafuta kisha tuiweke kwenye oveni dakika chache. Je, ni sawa?
Mama wa mdakaji

JIBU: Mama, nakusihi, glavu hiyo isikaribie oveni. Ulaini wa ngozi unatokana na mafuta yaliyo ndani ya nyuzi zake. Joto kali huyakausha, ngozi ikajikunja na kupasuka, na zile kamba za ngozi zinazoshikanisha vidole huwahi kukatika.

Kuimiminia mafuta nako ni kuiharibu. Glavu yangu ya kwanza niliiua hivyo, nikiwa na umri wa binti yako. Niliimwagia karibu chupa nzima na kuiacha usiku kucha. Ngozi ikanywa yote, ikawa nzito na kulegea, vidole vikawa vinaanguka kama kitambaa kibichi. Mafuta yakishazama hivyo hayatoki. Nililia sana.

Kinacholainisha glavu ni mpira wenyewe. Binti arushiane mpira na mtu kila siku, hata robo saa tu, mwanzoni polepole. Audakie mfukoni, yaani lile bonde lililo chini ya kidole cha shahada, unapoanzia wavu wa ngozi ulio kati ya kidole hicho na gumba. Akidakia katikati ya kiganja ataumia, na mfuko hautajitengeneza. Glavu za zamani zilikuwa kama mto wa kukinga kiganja tu. Bill Doak, mrushaji wa timu ya Marekani ya St. Louis Cardinals, ndiye aliyependekeza kidole gumba na cha shahada viunganishwe kwa kamba, na kampuni ya Rawlings ikaanza kuuza glavu ya namna hiyo mwaka 1920. Tangu hapo mpira ukapata mahali pa kutulia, na ndipo hapo mnapopaandaa sasa.

Asipokuwa na wa kurushiana naye, augongegonge mfuko kwa nyundo ya mbao yenye kichwa cha mviringo, au kwa mpira uliofungwa ndani ya soksi nene. Kisha aikunje na kuifungua kwa mikono, penye maungio mawili: chini ya kidole gumba na chini ya kidole cha mwisho. Usiku aweke mpira mfukoni na kuifunga glavu kwa utepe, bila kuikaza sana. Wapo wanaoilaza chini ya godoro. Mimi sipendi, kwa sababu inabanwa bapa na mfuko unapotea.

Mafuta ni yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya glavu, tone dogo lisilozidi ukucha, na litiwe kwenye kitambaa kwanza. Pitisheni kwenye maungio, mfukoni na kwenye kamba. Mkishafanya hivyo sasa, rudieni ngozi inapoonekana kukauka, mara mbili au tatu kwa msimu.

Ikilowa mvua, ikaushwe kwa taulo, ijazwe karatasi na kuachwa kivulini penye hewa. Isianikwe juani wala kupulizwa kwa mashine ya nywele. Ikikauka, ipate tone lake la mafuta. Isirudi kwenye begi ikiwa na unyevu, itaota ukungu. Kamba nazo mzikague: iliyoanza kuchanika ibadilishwe kabla haijakatika uwanjani. Ikiwa haitumiki, ikae rafuni na mpira mfukoni, isilaliwe na viatu.

Na kaka yake asiivae ati amsaidie kuilainisha. Glavu hufuata umbo la mkono unaoivaa, na mkono wake ni mkubwa kuliko wa dada yake. Yeye amrushie mpira.