Fungua kichupa: kwa wachanjaji wapya wa Dodoma

Wadogo zangu mlioripoti vituoni msimu huu, karibuni. Vumbi mtalizoea, na maji ya chumvi mtayazoea. Kuna jambo moja tu ambalo sitaki mlizoee, nalo ndilo limeninyima usingizi.

Juzi nilikuwa kwenye usimamizi shirikishi katika zahanati moja. Nimekaa pembeni napitia leja, akaingia mama na mtoto wa miezi tisa mgongoni. Nesi mpya, binti mwenye bidii kweli, akapokea kadi, akachungulia benchi la nje, akaona hakuna mwingine wa surua. Akasema kwa upole, "Mama, leo uko peke yako, njoo Jumatano wakiwa wengi." Mama akaitikia "haya", akaanza kukaza mbeleko. Nilijikuta nimeshasimama. Yale maneno nayajua, maana niliwahi kuyasema mimi.

1. Ujue kwa nini kichupa kina dozi kumi. Mtoto wa Marekani akipelekwa kuchanjwa surua anafunguliwa kichupa chake mwenyewe cha dozi moja. Wetu wanachangia kichupa cha dozi kumi, na cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, kina ishirini. Kinga ni ileile. Kichupa kikubwa kinashusha bei ya kila dozi na kinaokoa nafasi kwenye friji. Ndiyo maana dozi ya surua-rubella inayonunuliwa kupitia UNICEF haifiki dola moja. Mpango huu umeokoa watoto wengi na siudharau. Ila gharama yake haijatoweka, imehamishwa tu. Ukishachanganya unga wa chanjo na maji yake una saa sita, kisha kilichobaki kinamwagwa. Wenye pesa waliikwepa hasara hiyo kwa pesa. Huku kwetu imeachwa mikononi mwa nesi mmoja, mbele ya mama mmoja, saa nne asubuhi.

2. Pakiti ya barafu isubirishe mpaka ukiitikisa usikie maji ndani, ndipo uipange kwenye kibeba chanjo. Penta (chanjo ya magonjwa matano), ya nimonia na ya HPV (kinga ya saratani ya mlango wa kizazi) zikiganda zimekufa, hata kama VVM, ile alama ya kichupani inayobadilika rangi kwa joto, inakuonyesha ziko salama.

3. Fungua kichupa.

Ilikuwa Machi, mwaka wangu wa pili kazini, upande wa Bahi. Kwenye kikao cha robo mwaka chati ya upotevu wa chanjo ilibandikwa ukutani, kituo changu kikiwa juu kuliko vyote. Nikasimamishwa nijieleze mbele ya wenzangu. Nilirudi nimejiapiza: surua haifunguliwi mpaka watoto wafike watano. Niliamini kabisa kwamba huo ndio uadilifu. Nilijiambia nchi yetu haina chanjo za kumwaga.

Mama yule alifika saa tano. Alikuwa ametoka kwake alfajiri, matope yamemkaukia hadi magotini. Mtoto wa kiume, miezi tisa na siku chache, alinishika kidole akakataa kukiachia. Nikafungua friji: vichupa vipo. Nikaangalia benchi: tupu. Nikachukua penseli nikaandika kwenye kadi, "arudi Alhamisi". Hakubishana. Aliniuliza tu, "Nesi, kwani imeisha?" Nikamjibu, "Ipo mama, ila mko mmoja tu."

Jumatano usiku mvua ikanyesha, korongo likajaa. Alhamisi hakuvuka mtu. Baada ya hapo ikawa ni wakati wa kuamia ndege shambani, na ndege hawajui siku ya kliniki. Mwezi wa tano surua ikaingia vitongoji vile.

Alimrudisha mwezi wa sita. Macho yamevimba na kugandana usaha, kifua kinakwenda mbio, upele umeshakuwa mweusi na ngozi inabanduka. Tukampa vitamini A, tukaandika rufaa kwa sababu ya nimonia, nikapanda nao gari hadi hospitali. Kule mama akafungua fundo la kanga, akatoa kadi na kumkabidhi daktari, kama tunavyowafundisha wafanye. Kwenye mstari wa surua palikuwa na mwandiko wangu wa penseli, umefifia lakini unasomeka. Daktari akauliza nani aliandika tarehe ile. Nikasema ni mimi. Mama alikuwa ananitazama, na wala hakuwa amekasirika, kwa sababu hakujua kwamba siku ile nilikuwa na uwezo wa kumchanja mwanawe na sikumchanja. Ilibidi nimweleze mwenyewe, pale pale kwenye korido. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Na mimi nilitembea, nesi."

Kifua kilipona. Jicho la kushoto limebaki na kovu jeupe. Leo yuko shule ya msingi, mwalimu amemweka dawati la mbele. Nikipita kijijini hunikimbilia, "Shikamoo nesi!", huku akigeuza kichwa kidogo ili anione kwa jicho zima.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwongozo wa WHO uko wazi kwamba kichupa cha surua kinafunguliwa hata kwa mtoto mmoja, na makadirio ya mahitaji huwa yameshaingiza upotevu ndani yake. Mkisimamishwa kikaoni, simameni na leja yenu. Kichupa kilichofunguliwa kwa mtoto mmoja kina maelezo. Mimi kwenye ile korido sikuwa na maelezo.

4. Chanjo inayowahi kuisha muda ndiyo inayowahi kutoka, hata kama imeingia jana. Msidhani hili ni la stoo tu. Mei 2021 Malawi walichoma moto hadharani dozi 19,610 za AstraZeneca, chanjo ya UVIKO-19, kwa sababu shehena ilifika Machi mwishoni na muda wake ulikuwa unaisha Aprili 13. Wiki mbili na nusu kusambaza chanjo nchi nzima! Halafu kuna watu walisema Waafrika hawazitaki.

5. Wajibu watu maswali yao, msiwakaripie. Uingereza ilianza kuchanja UVIKO-19 tarehe 8 Desemba 2020. Sisi tulichelewa kujiunga na COVAX, mpango wa dunia wa kugawana chanjo hizo, hilo tulikubali, lakini hata tulipojiunga shehena ya kwanza iliyotua Julai 2021 ilikuwa dozi 1,058,400 za Janssen, msaada wa Marekani, kwa nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Mzee mmoja hapa mjini alikunja mkono wa shati, akasita, akaniuliza: "Binti yangu, hii ni ileile wanayochomwa wao, au ni ya kwetu?" Nilimwonyesha boksi. Alisoma polepole, kila neno, ndipo akanipa bega.

Swali hilohilo mtakutana nalo kwenye HPV, na mtu anayezoea kupewa mwishoni ana haki ya kuliuliza. Marekani iliidhinisha chanjo hii 2006. Australia ilianza kuwachanja hadi wavulana 2013. Sisi tulianza nchi nzima Aprili 2018, na kwa wasichana wa miaka 14 tu, kwa kuwa duniani chanjo hazikutosha. Mwaka 2024 tukahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14, na huko Chamwino baba mmoja akasimama mkutanoni: "Zilikuwa mbili, sasa moja. Mmetupunja?" Nilifurahi aliuliza, maana jibu lake ni zuri. Uingereza yenyewe ilihamia dozi moja Septemba 2023. Na sehemu ya ushahidi kwamba moja inatosha ilitoka Mwanza, kwa wasichana 930 waliokubali kufuatiliwa. Mabinti zetu ndio waliosaidia dunia kujua. Yule baba alikaa, akasimama tena, akaomba nirudie ile namba.

6. Ukishafungua kichupa, usikae ukingoje saa sita ziishe. Andika saa kwenye lebo, kisha mpigie mhudumu wa afya ya jamii, akupitie kwenye daftari lake nani amefikisha miezi tisa au kumi na minane.

Ndivyo tulivyofanya juzi na yule nesi. Alichanganya saa 4:20, mkono ukimtetemeka kidogo, akamchanja mtoto wa yule mama, akapiga simu. Saa saba wakaja wawili kwa bodaboda moja, na saa nane bibi akamleta mjukuu wake. Saa 10:20 zilikuwa zimebaki dozi sita. Tulizitupa, akaandika sita kwenye leja kwa kalamu ya wino, na mimi nikaweka sahihi yangu pembeni yake.