Kabla ya Udogo wa Elektrodi, Piga Hesabu ya Chaji

Wanafunzi wa uhandisi hapa Mombasa wanaponiletea michoro ya elektrodi za kuamsha neva, yaani vipande vya metali vinavyopeleka umeme kwenye neva, jambo la kwanza wanalonionyesha ni udogo wake. Mimi huwauliza: kila mpigo utabeba chaji kiasi gani, na itapita kwenye eneo gani?

Chukua mkondo wa mikroampea 100 kwa mikrosekunde 200. Hiyo ni nanokulombi 20. Kwenye duara la platinamu lenye kipenyo cha mikromita 100, kila sentimita ya mraba inabebeshwa mikrokulombi 255 hivi, na platinamu huhimili takriban 50 hadi 150 tu. Ukizidisha, maji yanaanza kuchanganuka, gesi inatoka, platinamu inalika na neva inaumia. Panua kipenyo kifike 200 na mzigo unashuka hadi 64. Nafasi ikikubana, ipake platinamu oksidi ya iridiamu, inayohimili zaidi kwa mbali. Na kila mpigo hasi ufuatwe na chanya wenye chaji ileile, bila hiyo hesabu yote ni bure.

Kisha jaribu kwenye maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita. Usichote baharini kwa kuwa iko karibu: maji yale yana chumvi kama mara nne ya hiyo, yatakuonyesha ukinzani mdogo kuliko wa mwilini. Tazama volti kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyobadilika. Mruko wa ghafla mwanzoni ni wa ukinzani wa maji, uondoe kwenye hesabu. Kinachobaki ndicho cha elektrodi yenyewe, na kwa platinamu kisitoke kati ya volti -0.6 na 0.8, ukipima dhidi ya elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha.

Kuhusu bodi laini za saketi za poliimidi, aina ya plastiki, zinazotumika kutengenezea elektrodi hizi, ni nzuri mno kwa kujifunzia, na bei yake wanafunzi wanaimudu. Ila poliimidi hunywa unyevu, na hewa yetu ya pwani unaijua. Zikaushe kwenye oveni kabla ya kulehemu, uzihifadhi kwenye chombo kilichofungwa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Zile zenye dhahabu juu ya nikeli na shaba ziishie kwenye majaribio ya mezani. Dhahabu hiyo ni nyembamba, ina vitundu, na nikeli ikivuja ni sumu kwa tishu. Hata mnyama wa maabara asiwekewe.