Barua kwa Mwanangu: Mahindi ya Uji na Ufunguo wa Stoo

Tukuyu, Rungwe
Mwezi Juni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, nikaona nikujibu kwa barua, kwa sababu jambo lenyewe halimaliziki kwa maneno mafupi ya kwenye simu. Umeandika kwamba wazazi wa shule uliyokabidhiwa kuiongoza mwezi Januari huko Makete wamegoma kuchangia mahindi ya uji, wakisema serikali ilikwisha kutangaza elimu bila malipo. Kwamba mtendaji wa kijiji anakushauri uwarudishe nyumbani watoto ambao hawajaleta debe lao. Na kwamba afisa elimu kata anadai kila mwezi idadi ya wanafunzi wanaokula shuleni. Unauliza umsikilize nani.

Kuhusu kuwarudisha watoto, jibu langu ni hapana, na sikupi jibu hilo kwa kuwa waraka unakataza tu. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwahi kuwarudisha watoto kumi na tisa asubuhi moja ya Jumatatu, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya chai. Mmoja wao, wa darasa la tatu, hakwenda nyumbani, kwa sababu alijua vizuri kwamba bibi yake hana mahindi ya kumpa. Tulimkuta saa kumi jioni ameketi kwenye ukingo wa shamba, sare imelowa, daftari amelificha ndani ya shati lisilowe. Tangu siku hiyo sikumtoa tena mtoto darasani kwa deni la mzazi wake.

Wazazi nao wana hoja, ingawa wameishika upande mmoja. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango, na Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ukafafanua wajibu wa kila upande, ambapo chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki mikononi mwa mzazi. Lakini wanachokikumbuka zaidi ni Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni, na huwezi kuwalaumu, kwa maana walikuwa wametozwa mengi kabla ya hapo. Kwa hiyo usiende mkutanoni kuwasomea waraka kama hakimu. Waonyeshe hesabu. Kati ya ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 6,000 ndizo zinazoingia kwenye akaunti ya shule. Kwa watoto wako 280 hiyo ni shilingi 1,680,000 kwa mwaka, yaani 140,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, karatasi za mitihani na kitasa kilichovunjika. Iandike ubaoni kwa tarakimu kubwa, kisha mwombe mzazi yeyote asimame aonyeshe mahindi ya uji yatatoka wapi.

Mkutano huo usiuitishe wala kuuongoza wewe. Uongozwe na mwenyekiti wa kamati ya shule, serikali ya kijiji ikiwepo, nawe ukae pembeni ujibu unapoulizwa. Kiwango waamue wao, muhtasari uandikwe hapo hapo na mahudhurio yasainiwe kabla watu hawajatawanyika. Mtendaji akitaka kufuatilia wasiotimiza makubaliano, afuatilie kaya kwa utaratibu wa kijiji, na jina la mtoto lisitajwe mstarini asubuhi.

Kuna jambo ambalo huenda hujalizoea, kwa kuwa umekulia huku kwenye migomba. Huko juu mahindi hukawia sana kukomaa kwa sababu ya baridi, ilhali viazi mviringo na ngano wanavyo. Kwa nini mnang'ang'ania mahindi? Mzazi aruhusiwe kuleta viazi, ila kamati ikubaliane kipimo mapema, maana neno lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, litaingia tu. Tena pendekeza wahesabu kwa kaya badala ya kwa kichwa cha mtoto. Makete imezika wazazi wengi kwa UKIMWI, na bibi anayelea wajukuu watatu hawezi kudaiwa madebe matatu. Wengine watanung'unika, na waachwe wanung'unike.

Fedha taslimu usipokee, hata shilingi mia ya kusagisha. Ikiwa wazazi watakubaliana kutoa fedha, ziingie akaunti ya shule kwa utaratibu wa halmashauri na ziandikiwe stakabadhi. Na ile laki mbili yako ya posho ya madaraka usiigeuze kuwa sukari ya uji. Najua moyo wako, lakini muhula ujao itaonekana ni haki yao, na atakayekurithi ofisi hiyo atateseka.

Afisa elimu kata mpe idadi ya kweli. Wakila watoto tisini, andika tisini, hata kama kwenye kundi la WhatsApp la walimu wakuu kila mmoja anaandika asilimia mia.

Sasa nikueleze kosa langu jingine, ambalo sijawahi kukusimulia. Stoo ya shule yetu haikuwa na mlango wa maana, nikaona busara kuyahifadhi magunia saba chumbani kwangu katika nyumba ya mwalimu. Sikuchota hata kikombe. Lakini haikupita wiki mbili kijiji kizima kikawa kinajua kwamba mwalimu mkuu anakula mahindi ya watoto, na moshi wa jiko langu ukawa ushahidi. Nilipotaka kujitetea sikuwa na leja, wala saini ya mtu aliyeshuhudia magunia yakiingia. Niliyapima mbele ya kamati, yakatimia, na bado mzazi mmoja alisema huenda nilirudishia usiku.

Ndiyo maana nimekufungia kifurushi, nimempa kondakta wa basi la Alhamisi. Ndani mna sweta lako la kijani, leja ya kurasa 200 na kufuli mbili. Zote mbili zifungwe kwenye mlango mmoja wa stoo: ufunguo wa kufuli kubwa akae nao mwenyekiti wa kamati, wa ile ndogo mwalimu wa chakula. Kila moja ina ufunguo wa akiba. Uwape hao hao, wewe usibaki na hata mmoja.

Mama yako