Koleo kugongana na kamera: anza na matundu

Daktari wa Mafinga, umeuliza kwa nini koleo lako linagongana na kamera unapomfunga kizazi mbwa jike kwa upasuaji wa matundu madogo tumboni. Mara nyingi matundu yamekaribiana mno. Kamera iingie karibu na kitovu, koleo kati ya kitovu na kinena, kisha mwinamishe mbwa ubavu hadi ovari ya juu ijitokeze, baadaye mgeuze upande wa pili kwa ovari nyingine.

Linalonitia hofu hasa ni tundu la kwanza. Wengu, na zaidi ukiwa umevimba kwa dawa ya usingizi, huchomwa kirahisi. Mimi huku Mbeya hupasua kidogo hadi nione ninapoingia, sichomi kwa kubahatisha, tafadhali nawe fanya hivyo. Kibofu kiwe kitupu. Trokari (bomba lenye ncha kali la kutobolea tumbo) ya pili iingie ukiitazama kwenye skrini, na shinikizo la gesi ya kutunisha tumbo lisizidi milimita 12 za zebaki.