Usiamini Jina la Faili, Soma Baiti Zake

Ukianza kazi ya kushughulikia mafaili ya watu, lalamiko utakalolisikia mara kwa mara ni "hili faili halifunguki". Wageni wengi hukimbilia kufuta .mkv mwishoni mwa jina la video na kuandika .mp4. Hapo hujabadilisha fomati. Umebadilisha jina, yaliyomo yako vilevile.

Fungua faili kwa kihariri cha heksi, yaani programu inayoonyesha kila baiti ya faili kwa tarakimu na herufi, utazame baiti za mwanzo. PNG huanza na 89 50 4E 47, JPEG na FF D8 FF, na PDF hujitaja yenyewe: %PDF. Ukikuta PK, hiyo ni ZIP, yaani kifurushi cha mafaili yaliyobanwa pamoja, na herufi hizo ni za Phil Katz aliyeibuni. Utaiona PK hata kwenye docx, xlsx, epub na apk, maana zote ni ZIP kwa ndani. Lakini "picha" inayoanza na MZ usithubutu kuibofya, kwa sababu hiyo ni programu ya Windows. Windows huficha viendelezi (herufi za mwisho wa jina, kama .exe) isipokuwa umeiambia ivionyeshe, kwa hiyo picha.jpg.exe husomeka picha.jpg. Badilisha mpangilio huo leo hii.

Kwenye Linux na macOS, amri ya file inakusomea baiti hizo.

Video ndiyo inayowachanganya wengi, hivyo twende taratibu. MP4, MKV na AVI ni makasha tu. Ndani yake kuna picha zilizobanwa kwa kodeki (mbinu ya kubana na kufungua picha au sauti) fulani, labda H.264, H.265 au AV1, na sauti iliyobanwa kwa kodeki yake. Ndiyo maana MP4 moja inacheza vizuri na nyingine inatoa sauti huku kioo kikiwa cheusi: kifaa kinalijua kasha, hakiijui kodeki. Baiti za mwanzo hazitakuambia hilo. MKV na WebM zote huanza na 1A 45 DF A3. Tumia programu ya MediaInfo au ffprobe inayoonyesha yaliyomo kwenye kasha, usome mstari wa kodeki kabla ya kugusa chochote.

Kama tatizo ni kasha peke yake, usiibane video upya, utapoteza ubora na muda bure. Tumia programu ya ffmpeg; -c copy huhamisha picha na sauti kama zilivyo kwenda kasha jipya. Andika:

ffmpeg -i video.mkv -c copy video.mp4

Ila ukiambiwa "moov atom not found", yaani sehemu ya MP4 inayoeleza yaliyomo haikupatikana, mara nyingi faili halikukamilika kurekodiwa au kunakiliwa. Mwombe mwenyewe akutumie tena faili la asili kabla hujajaribu kulitengeneza.