Maswali ya Wasomaji: Faiba ya mtaa yaezekana, lakini muulizeni kwanza nani atapanda ngazi

SWALI: Assalamu alaykum kaka. Sisi tuko Mikindani hapa Mombasa, nyumba kama arubaini kwa barabara moja, tuna chama na mimi ndo mweka hazina. Kila nyumba yalipa 2,500 kwa mwezi kwa kampuni, ikifika saa mbili usiku mtoto hawezi kufungua hata somo la YouTube, ukipiga simu waambiwa zima ruta uwashe tena. Na nyaya za baharini twaskia zatua hapa hapa kwetu! Kuna kijana wetu asema tuchange tuvute faiba yetu wenyewe. Yaezekana ama ni kupoteza pesa za watu? – Mweka hazina, Mikindani

JIBU: Waalaykumu salaam dada. Yaezekana, watu washafanya. Ila huyo kijana muulize swali moja kabla hamjachanga hata shilingi: faiba ikikatika Jumapili usiku nani apanda ngazi, na amlipa nani? Akijibu "tutasaidiana" ngojeni kwanza. Mitandao ya mtaa huwa haifi kwa kukosa waya, hufa mwaka wa pili yule fundi wa bure akipata kazi Nairobi.

Hizo nyaya za baharini ni kweli, SEACOM na TEAMS ziliwashwa 2009, EASSy 2010, zote zapita Mombasa. Lakini hata anayeishi Kilindini gari lake likishuka melini bado alipa ushuru. Kati ya pale waya unapotoka baharini na mlango wako kuna kampuni imenunua kapasiti (nafasi ya kupitisha intaneti) kwa jumla na yawauzia nyinyi rejareja, na hapo ndo saa mbili yenu ya usiku huzaliwa. Ule uzi wa glasi ulioingia nyumbani mara nyingi hauna kosa lolote, ni kwamba kampuni imenunua kidogo na kuuzia wengi, sasa watu wakirudi kazini wote wawasha TV pamoja. Kwa hivo mkivuta waya wenu mpya mkanunua kapasiti ya kubana, mtakaa na shida ile ile, tofauti ni kwamba wa kutukanwa kwa WhatsApp ya mtaa sasa ni wewe.

Tupige hesabu. Nyumba arubaini kwa 2,500 ni laki moja kwa mwezi. Mimi hupanga Mbps tatu (hicho ni kipimo cha kasi ya intaneti) kwa kila nyumba saa za msongamano, sio kwa mkataba ni kwa matumizi ya kweli wakiwa wote pamoja, hiyo ni 120, nunueni 200 mpate nafasi ya kupumua. Inunuliwe kwa bei ya jumla, mkataba uandikwe kwamba mwaruhusiwa kuigawa, maana hizi pakeji za nyumbani nyingi zakataza kuuzia jirani na siku mkishikwa waya wakatwa bila kujadiliana. Chukueni bei kwa watu watatu tofauti. Yule atakayekula zaidi ya nusu ya hiyo laki mwacheni, kwa sababu iliyobaki ndo ya fundi, stima, na akiba ya mashine ikipigwa na radi.

Na muuzaji muulizeni pia kama ameungana na KIXP. Hii ni sehemu ambapo mitandao ya Kenya yabadilishana data hapa hapa bila kuzunguka ng'ambo. (Ilianzishwa 2000, mwaka huo huo ikafungwa na mdhibiti baada ya Telkom kulalamika, ikarudi 2002. Leo hakuna anayeweza kufikiria kuizima.) YouTube nyingi mnayotazama haitoki Marekani, inatoka kwenye mashine za Google zilizowekwa humu humu nchini, kwa hivo muuzaji aliyeungana vizuri hapa nyumbani atawafaa kuliko mwenye mdomo mtamu.

Kuhusu leseni: msiuze intaneti bila ruhusa ya Communications Authority (CA), mdhibiti wa mawasiliano. Tangu 2021 wana utaratibu wa mitandao ya jamii, umetengenezewa vikundi kama chenu ambavyo havigawani faida. Kama wanachama wataka gawio mwisho wa mwaka basi hiyo sio leseni yenu, semezaneni hilo mapema kabla ya mtu kukasirika. Kuvuka barabara ni kaunti, ama KURA (mamlaka ya barabara za mijini) ikiwa barabara ni yao, na nguzo za stima ni za Kenya Power, usipande tu kwa sababu fundi wa kampuni fulani ulimwona akipanda. Nyinyi mko barabara moja, hiyo ni bahati kubwa, waya waeza kupita ukutani nyumba hadi nyumba. Lakini kila mwenye nyumba atie sahihi. Leo ni mzee mwenye heshima zake, kesho ameuza, mnunuzi aja na msumeno.

Sasa mimi ningefanyaje? Ningemiliki waya na nisiuze intaneti. Mji wa Stockholm ulifanya hivo, 1994 wakaunda kampuni ya mji inaitwa Stokab, yalaza faiba tupu na kuikodisha kwa kampuni yoyote, yenyewe haiuzii mtu intaneti. Kule Catalonia kuna guifi.net, walianza 2004 kwa wayalesi za vijijini, 2009 wakaingia kwa faiba, taasisi yao yasimamia mtandao kama mali ya wote na watoa huduma wadogo wanaoutumia wachangia gharama. Yaani chama chenu kiwe na uzi, kabati na makaratasi, afu mwaita kampuni ndogo yenye leseni iuze juu yake, na ikilala mwabadilisha bila kung'oa msumari. Hata hivo waulizeni CA kwanza, maana hata kumiliki waya wa kukodisha una masharti yake.

Kijana wenu atakuonyesha B4RN ya Lancashire, Uingereza, wanakijiji walichimba mitaro wenyewe tangu 2011, wenye mashamba wakatoa njia bure, watu wakanunua hisa, wakapata gigabiti nzima kwa pauni 30 kwa mwezi. Kweli kabisa, nawapenda sana wale watu. Lakini wao walipita shambani kwenye udongo laini, hapa ukichimba futi mbili wakuta jiwe la matumbawe. Piteni juu.

SWALI: Na tukianza na wayalesi ya juu ya paa kwanza? – Kijana wa Likoni

JIBU: Anzeni. Guifi ilianza hivo hivo, na TunapandaNET kule Kibera yaunganisha shule na vituo vya vijana kwa antena. Mtajuana nani hulipa kwa wakati, hiyo ndo faida kubwa. Ila muone antena ya mwenzenu kwa macho kabisa, jengo jipya la ghorofa sita likisimama katikati mambo yamekwisha.

SWALI: Mi ni fundi wa kamera Kongowea, nimepewa kazi ya faiba ya mtaa. Niweke splita (kigawanya mwanga) moja ya 32 ama nigawe? Na kuna nyumba moja pawamita (kipima mwanga) yasoma -27, net yaja yakatika. – Fundi

JIBU: Gawa ndugu yangu. Ya nne kwenye kabati ya kwanza, kisha ya nane kwenye kila kona, nne mara nane ni 32, na kila nyumba nane zina kona yake ya kutafuta makosa. Hizo mbili pamoja zala mwanga kama 17.5 dB (kipimo cha nguvu yake), mashine ya kurusha mwanga ikitoa +3, ukiongeza viungo na kipande cha waya, nyumbani wapaswa kuona karibu na -16. Hiyo -27 yako iko ukingoni, ONU nyingi (kile kisanduku cha faiba cha nyumbani) hapo ndo mwisho wao. Pima kwenye splita kwanza na pawamita iwe kwenye 1490 (urefu wa wimbi la mwanga unaokuja nyumbani), kama pale ni sawa basi ubaya uko kati ya hapo na sebuleni. Angalia kama waya umekunjwa kwenye msumari ama umebanwa na zipu tai. Afu angalia rangi: kichwa cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii nane, cha buluu hakina mshazari, ukivichomeka pamoja vyaingia vizuri kabisa lakini katikati pana mwanya na mwanga wapotelea hapo. Nimeona mafundi wakibadilisha ruta mbili kabla ya kuona hilo.

Usiangalie mwisho wa waya kwa jicho, ule mwanga hauonekani lakini waeza kuliumiza. Na vile vipande vya glasi unavyokata tia kwenye chupa yenye kifuniko, usiviache kwenye mkeka wa mwenye nyumba.