Ukiambiwa Ramani ni Siri, Omba kwa Maandishi

Kijana mmoja wa Buliisa, wilaya ya Uganda kando ya Ziwa Albert, ameniandikia. Aliomba ramani ya parishi yao, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, kwenye ofisi ya serikali, akaambiwa ni siri ya usalama. Damu ilinichemka. Jibu hilohilo nilipewa mimi nilipoanza kazi ya ramani, tena na ofisa ambaye ukutani kwake ilining'inia karatasi ileile niliyoiomba. Miaka imepita, bado inaniuma.

Siri gani? Landsat, setilaiti za Marekani, zinaipiga dunia picha tangu 1972, na tangu 2008 picha zao ni bure. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupita juu ya Ziwa Albert kila baada ya siku 5 hivi, nazo pia ni bure. Mwenye pesa hununua picha kali zaidi, akiwa Paris au Houston akaliona paa la mabati la nyumba ya mama yako. Anayefichwa ni mama mwenyewe.

Lakini vijana wenzangu wa ramani, msijidanganye kwamba setilaiti inatosha. Haioni mpaka wa parishi. Haijui jina la kilima wala shamba ni la nani. Pale mafuta yalipopatikana, mtu anapokuja na karatasi ya fidia, mabishano ni juu ya mistari hiyo isiyoonekana angani. Ndiyo maana karatasi ya ofisini lazima uipate.

Mimi niliacha kubembeleza, nikaandika barua. Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zinazohatarisha usalama au mamlaka ya nchi, au faragha ya mtu. Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inaipa ofisi siku 21 kujibu, na ikikataa itoe sababu. Kusema "usalama" kwa mdomo ni rahisi; kuliandika neno hilo na kutia sahihi chini yake, wengi huogopa. Karatasi niliipata, na najivunia.

Kwa hiyo andikeni. Msiombe kambi za jeshi, hizo waachieni wenyewe; ombeni mipaka ya parishi, visima, barabara. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukishaipata ramani, tembea mipaka hiyo na wazee, simu ikirekodi GPS, kisha mpe mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, nakala aibandike wanapokutania watu. Wako wenzetu waliozipata wakazifungia kwenye kompyuta zao wauze. Hao wana tofauti gani na yule ofisa?